Sahihi Kumi na Mbili

Simu iliyonitoa jasho kuliko zote ilitoka ndani ya jengo ambalo dakika ishirini kabla nilisema halina mtu.

Kazi yangu ni kupokea simu za dharura. Nyumba ikiungua, anayekujibu ni mimi.

Saa tano asubuhi mtu asiyejitaja alipiga akasema ofisini mwetu kuna bomu. Tulitoka mbio, mwingine na kiatu kimoja. Huko nje bosi akaniambia nihesabu watu. Nikapitia orodha ya ofisi, nikamjibu tumetimia.

"Haya, kimbia chumba cha akiba," akasema. "Mji mzima hauna pa kupiga."

Jamani, nikashika njia mbio.

Chumba cha akiba, chenye simu za kupokelea dharura ofisi ikifungwa, kiko mtaa wa pili, nyuma ya ghala. Kila mwezi nilitakiwa nikakikague. Mimi nilikuwa natia sahihi tu, "kimekaguliwa, kiko sawa," huku nakunywa chai. Sahihi kumi na mbili, na mguu wangu haujafika hata siku moja.

Nikafika mlangoni na ufunguo. Nilijua nitakuta vumbi na betri zilizokufa, na watu watakufa kwa uvivu wangu.

Nikafungua. Meza inang'aa. Mitambo inawaka. Kwenye daftari, kila Ijumaa, mwandiko wa taratibu: "Nimejaribu simu. Inaita."

Sijakaa sawa, simu ikalia.

"Mwanangu, ni mimi Shangazi." Ndivyo tunavyomwita mama anayefanya usafi ofisini. "Nimejifungia stoo, ghorofa ya tatu, kitasa kimekwama. Ofisini hawapokei. Mbona kimya hivi?"

Wafanya usafi hawamo kwenye orodha ya ofisi.

"Shangazi, namba hii umeijuaje?"

"Si naijaribu kila Ijumaa? Karatasi yako ya ukaguzi ilisema lazima simu ijaribiwe. Nikaona una kazi nyingi, na ufunguo wa pili wa hicho chumba ninao mimi."

Nikawaita askari kwa redio. Dakika kumi na moja nilimdanganya kwamba fundi wa kitasa yuko njiani, machozi yananitiririka, mpaka nikasikia mlango ukivunjwa.

Bomu halikuwepo. Ni mhuni tu. Lakini mimi nilipotamka "tumetimia" sikulijua hilo, na hadi leo neno hilo linanitetemesha.

Ndugu yangu, kabla hujasema watu wametimia, jiulize leo nani amefagia.