Wembe Uliogoma Siku ya Harusi

Nichekeni leo, yaishe. Mimi ni kinyozi niliyejifunza kwa video za simu, na kanuni yangu ni moja: wembe usionyoa vinyweleo vya mkono wangu haugusi kidevu cha mteja.

Juzi, hapa Mwanjelwa, nilimtarajia bwana harusi. Kwa hofu ya kumkata, tangu alfajiri nilikuwa nikinoa wembe na kuujaribu mkononi. Alipoketi nikaujaribu tena: haukati kitu! Nikaunoa upya, wapi! Povu likamkaukia mashavuni, na msikitini wakaanza kupiga simu.

“Fundi, watamwozesha mtu mwingine!”

“Wembe bado butu, kaka. Nivumilie.”

Akaushika mkono wangu, akausogeza penye mwanga.

“Butu wapi? Mkono wako una kipara!”