Kwenda Kalengera Kumwondolea Mtoto Jina la Farao

Niliondoka Goma kwa sababu ya hasira, na sitasingizia kitu kingine. Nilipokuwa nimelala maternité, wodi ya wazazi, baada ya kupasuliwa, hata sijui niko wapi, mume wangu Kambale alimwambia muuguzi aandike kwamba mtoto wetu wa kwanza ni Paluku Ramsès. Paluku sina neno nalo. Kwetu Wanande mtoto wa kiume wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na hakuna anayekuuliza kama umependa. Lakini Ramsès? Kambale ana ugonjwa wa Misri. Anaangalia piramidi kwenye simu mpaka betri inakufa. Mwombe achote maji, atakueleza kwanza Wamisri waliyachotaje. Mimi pia niliisoma hiyo Misri shuleni, nikajibu mtihani, nikapata pointi zangu, nikaendelea na maisha.

Koko wa mtoto, yaani mama mkwe wangu, anakaa Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru. Aliposikia jina alituma sauti kwenye simu: "Farao aingie kwangu? Ule mwenye alitesa watu ya Mungu? Kama munapenda Misri sana, mumuite Moïse, ule Musa wa Biblia."

Kwa mara ya kwanza mimi na mama mkwe tukawa upande mmoja. Vita vilikuwa vimekata barabara tangu mtoto azaliwe, sasa anatembea, na koko hajambeba hata mara moja. Wiki ile makamio, malori ya mizigo, yalianza kupita tena, na ubatizo ulikuwa Jumapili. Kambale akaniambia, "Enda. Mama akikuambia Moïse uso kwa uso, nitabadilisha." Nikamfunga mtoto mgongoni. Nilikuwa nafuata neno moja tu.

Asubuhi, Katoyi, mtaa wetu wa Goma. Nilipata nafasi ya mbele kwenye kamio tupu iliyokuwa inakwenda kupakia kabichi. Shofere alikuwa Papa Solange, mtu mnene wa Masisi asiyejua kunyamaza.

"Kijana anaitwa nani?"

"Paluku."

"Bapaluku beko wengi. Jina ya kanisa?"

Nilitazama dirishani. Mtoto, ambaye hata maneno kumi hana, akajibu mwenyewe: "Amse."

"Ramsès?" Papa Solange akafurahi kama amepewa zawadi. "Ule mwenye walikausha? Mama, ule mutu walimukausha kama makayabo, samaki ya chumvi, na mpaka leo iko na nywele. Mimi nikikufa, kisha mwezi hata bibi yangu hatakumbuka sura yangu."

"Angalia barabara, papa."

Munigi tulisimama kununua ndizi. Mabashi, turubai za wakimbizi, yametandazwa juu ya mawe meusi ya volkano mpaka macho yanachoka. Muuza ndizi alikuwa mmoja wao, mama aliyekimbia na sufuria moja kichwani. Papa Solange hakuweza kujizuia, akamtangazia jina la abiria wake mdogo.

"Ramsès?" Yule mama akanipima toka kichwani mpaka miguuni. "Majina ya bei rahisi ilikwisha Goma? Huyu utamulisha nini, mama, zahabu?"

"Anakula ndizi kama wengine. Punguza bei."

Hakupunguza, ila alimwongezea mtoto moja. Jirani yake akauliza kama ni kweli wafalme wa kule walizikwa na chakula chao. Papa Solange akasema ni kweli, na mikate, na nyama, na bia.

"Aa," yule jirani akasema, "kumbe kule wanahudumia maiti. Sisi tungali wazima na chakula haijafika."

Walicheka wote. Nikacheka pia, halafu nikakasirika kwa kuwa nimecheka.

Baada ya Kibumba tukakuta barieri, kamba imefungwa toka mti mpaka mti, na kijana mwenye bunduki akidai vitambulisho. Nikampa changu. Akauliza mtoto ni nani. Shofere akajibu kabla yangu, bila shaka.

"Ramsès wa piramide?" Uso wa kijana ukabadilika. "Mama, uniambie. Yale mawe waliyapandisha na nini?"

"Na watu."

"Watu tu? Apana. Ile ni kazi ya majini."

Mwenzake aliyeketi kivulini akadakia: "Ni watu weusi sawa sisi. Wewe hukusoma."

"Nilisoma. Vita ilinitoa kwenye masomo mbele ya kufika kwa mawe."

Wakaanza kubishana, na huku wanabishana wakashusha kamba. Hakuna aliyefungua mfuko wangu. Papa Solange alisema jina lina bahati. Mimi nilibaki na hasira. Mtu hajui hata jina la kijiji alichofukuza watu wake jana, lakini Ramsès anamjua.

Mchana tukafika Kalengera. Mama mkwe alikuwa anaanika maharage uani. Hakunisalimu. Alimtoa mtoto mgongoni mwangu, akamgeuza huku na huku, akamshika masikio yote mawili, akacheka peke yake. Akatupatia bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Tulipokwisha kunawa nikasema, "Mama, nimekuja kuchukua neno lako. Useme Moïse, nimupelekee Kambale."

Akarudi kwenye maharage yake. "Bwana yako alikuambia habari ya kambi?"

"Kambi gani?"

"Ya vita ya kwanza. Alikuwa mudogo sawa huyu, tunakimbia, watu wakapita katikati yetu, mukono yake ikanitoka. Kwenye kambi kulikuwa bwana wa megafoni. Anaita: 'Mutoto Kambale, mama yake akuje.' Nikakimbia. Nakuta Kambale ya mwingine. Kesho anaita tena, Kambale. Tunafika wamama kundi nzima, tunasukumana, na mutoto mumoja katikati analia, haiko wangu. Kila siku vile. Kisha, muzee mumoja wa hapa Kalengera akamutambua wangu kwa masikio. Masikio, mama. Jina haikusaidia kitu."

Aligeuza maharage yake, ingawa hayakuhitaji kugeuzwa.

"Basi huyu alipozaliwa, Kambale akaniambia: mama, huyu wakimuita, mama mumoja tu ndio atakuja. Nikawaka moto. Mutoto hajafungua hata macho, wewe umekwisha kumupoteza? Ile ya Farao nilisema tu juu ya hasira. Mutoto hapewi jina ya kupotelea."

Sikujua tena nimkasirikie nani. "Basi sema Moïse, mama," nikarudia.

"Sisemi. Wewe ndio mama. Siku utakimbia, mukono yake ikikutoka, utaita nini?"

Kesho yake tulirudi na Papa Solange, nyuma kumejaa kabichi. Nilijaribu kukumbuka akina Moïse ninaowajua Katoyi peke yake, wakawa wengi mno, nikaacha. Hadithi za Papa Solange zilikuwa zimeshafika Ulaya, eti wazungu wanapanga mustari kulipa kuona maiti ya Misri.

"Na wanajua ilikuwa nani?" nikamuuliza.

"Wanajua, mama. Wale watu waliandika jina kila pahali, kwa jiwe, kwa sanduku, kwa ukuta. Walikuwa na woga mukubwa jina isipotee."

Nyumbani Kambale alikuwa amesimama mlangoni. "Mama alisema nini?"

"Alisema uko na masikio makubwa."

Akaelewa. Akaketi kwenye kizingiti.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekuambia nini? Kwamba namupangia mutoto kupotea?"

Nilikwenda Kalengera nikidhani Misri ni mchezo wa wanaume wenye simu. Nimerudi nikijua kwamba baba anaweza kwenda mbali hivyo, mpaka kwa wafalme waliokauka, kumtafutia mtoto wake kitu cha kumlinda. Hasira bado ninayo, kwa kuwa ilibidi aende huko.

Jioni ile chakula kilipoiva, watoto wa mtaa walikuwa nje wanapiga mpira wa karatasi juu ya mawe. Nikasimama mlangoni, nikaita Ramsès kwa sauti yote niliyo nayo, mara ya kwanza tangu nimzae. Wengine waliendelea na mpira wao. Mmoja akageuka, akaanza kuja.