Vipepeo wa Mama Mmoja

Siku hiyo haijanitoka moyoni, mwanangu. Ilikuwa miaka ya tisini, kule kisiwani Mfangano nilikoolewa. Nilikuwa nimefunga nguo zangu kwa leso, mtoto mgongoni, nirudi kwetu Migori. Mtoto alikuwa mwekundu kama udongo wa kichuguu, na mimi na mume wangu Otieno ni weusi tititi. Shemeji yangu Ouma alikuwa amesema mbele za watu kwamba huyo si wa ukoo wao. Otieno akanyamaza. Mtoto akakaa bila jina la ukoo, na jioni hiyo wazee wangeamua kama nirudishwe. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja nyumba.

Mama mkwe, Mama Akinyi, alinikuta mlangoni. Akaniita kwa jina la kwetu, vile wake huitwa huko.

"Nyar Migori, ukiondoka saa hii umewajibia swali lao. Kaa."

Nikakaa, nikamshusha mtoto mgongoni.

Sasa Mama Akinyi alikuwa akimsaidia Padre Anton, mzungu wa misheni ambaye watu walimcheka kwamba anafuata vipepeo kuliko waumini. Vitabu vya kwao viliandika kwamba yule wa njano mwenye mkia na yule mweusi wa madoa, wote wa kisiwa chetu, ni aina mbili. Padre alikuwa na shaka. Hakubishana na mtu. Alimfungia jike mmoja mweusi ndani ya chandarua, na yule jike akataga kwenye majani ya mlimau. Mama mkwe akalisha viwavi, wakangoja wageuke vipepeo.

Wazee walipokaa, Mama alileta kile chandarua akakiweka katikati. Ndani vipepeo wa njano na weusi walipigapiga mabawa pamoja.

"Mama yao ni mmoja. Nilimwona akitaga."

Ouma alicheka. "Hao ni wadudu tu, mama."

"Ndiyo, wadudu. Na Padre hakumwita hata mmoja mwanaharamu kabla hajangoja akaona. Wewe ulingoja nini?"

Ndipo Otieno akasimama, akamchukua mtoto, akamwita Ogutu, jina la marehemu baba yake.

Padre naye aliwaandikia wenzake ng'ambo, na vitabu vikasahihishwa: ni aina moja.

Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usimpe mtu ukoo, wala usimnyang'anye, kwa rangi uliyoiona mara moja. Na wewe ukisingiziwa, usikimbie. Simama wakuangalie vizuri. Mungu akupe jicho la kungoja, na nyumba ambamo hakuna mtoto anayeulizwa ametoka wapi.