Siku Nilipomtembeza Mwanangu

Siku ile nyumbani tulikuwa wanne: mimi, mwanangu wa pili ambaye ndiye mgonjwa mwenyewe, mke wake aliye mama wa wajukuu zangu watano, na shemeji yangu aliyefika baadaye, mdogo wa marehemu mume wangu, anayehasi madume ya ng'ombe hapa kwetu Ihanja. Watoto walikuwa shule. Majina yote ninayo kichwani, hata ya ng'ombe, ila mwanangu amesema nisiyaandike.

Alikuwa ametoka kituo cha afya jana yake, kufunga uzazi. Mke wake alipojifungua yule wa mwisho alivuja damu mpaka tukadhani tumempoteza. Mwanangu akasema basi, zamu hii nakwenda mimi. Sasa amelala ndani na kitambaa cha maji baridi, mimi niko nje nachambua mlenda, roho haijatulia. Habari za kukata madume nilizijua za zizini tu.

Shemeji akafika, hata kukaa hajakaa.

"Amelala? Shemeji, maksai halazwi! Anavimba, utamzika huyu."

"Huyu ni mtu."

"Nyama ni nyama. Nimehasi tangu hujaolewa. Kuna hata mmoja aliyenifia?"

Hakuna. Hapo hofu ikaniingia kweli. Nikamwambia mwanangu ainuke. Mke wake akapiga magoti mlangoni: "Mama, nesi amesema alale siku mbili." Nikamjibu kwa ukali kwamba huyu nilimzaa mimi. Mwanangu akasema, "Mwache mama, natembea kidogo." Nafikiri alinionea huruma.

Tukaenda hadi lambo la kunyweshea ng'ombe na kurudi, shemeji mbele na fimbo yake. Tuliporudi mwanangu alikuwa anatembea ametanua miguu, jasho linamtoka. Mchana akawa amevimba.

Mke wake akampigia nesi, sauti tukaisikia wote. Nesi akauliza, "Nani kamtembeza?"

Mkwe wangu akanitazama. "Alitoka mwenyewe kunyoosha miguu, nesi."

Shemeji akadakia: "Lakini maksai si hutembezwa?"

"Shikamoo baba. Nani kakwambia amehasiwa? Ni mirija miwili midogo tu imekatwa. Mengine yote yapo."

"Yote?"

"Yote. Tena atumie kondomu miezi mitatu, mpaka tumpime."

"Ukataji gani huo," shemeji akanung'unika, "mmekata na bado mnaogopa mimba!"

Nesi akasema alale chali, avae chupi ya kubana, kitambaa cha baridi kibadilishwe. Akipata homa au uvimbe ukizidi, apelekwe upesi.

Shemeji akaaga. Mimi sikuweza kuingia kumbadilishia kitambaa, ni mtoto wangu lakini mtu mzima. Nikawa nachota maji mtungini, napitisha beseni mlangoni, mke wake anapokea. Beseni la tatu nikamwambia mkwe wangu, "Mwanangu, nilikosea. Na wewe umenifichia kosa kwa nesi."

"Ningesemaje, mama? Na wewe ulikuwa unaogopa kama mimi."

Nikachota jingine.

Homa haikuja. Uvimbe ulipungua siku ya tatu, mimi ndivyo ninavyokumbuka, lakini aliyekuwa anautazama ni mke wake. Kama ni siku ya nne, au kama maneno yangu ya pale mlangoni yalikuwa makali kuliko nilivyoandika, aliyekuwepo anisahihishe. Sitakasirika.