Chai Iliyomngoja Jaji

Sogeeni niwaambie habari za Chepchirchir, mjane wa huku juu ya Kedowa. Mumewe alipozikwa, shemeji yake Kiptum alidai shamba la chai. Wazee wa kokwet, lile baraza letu la kijiji, walikaa kwenye nyasi, wakasikiza pande zote, na hawakuinuka mpaka wamekata neno: shamba ni la mama. Kiptum akakataa, akaenda mahakamani. Jaji akaamuru kwamba mpaka atoe hukumu, mtu yeyote asiguse hata jani moja.

Nyinyi mnajua chai isiyochumwa. Inakupita kichwa, inakuwa msitu. Mama akawa kibarua, akichuma majani ya watu huku yake yakigeuka miti.

Jaji hakuwa mla rushwa, nisimsingizie. Alikuwa mzito tu. Leo goti linamuuma, kesho faili haionekani, miaka ikapita. Nani angemharakisha, na kiti ni chake mpaka uzee?

Siku ya hukumu mama alienda na binti yake, Winny. Karani, Bwana Ajwang, akawatolea habari mlangoni.

"Pole, mama. Jaji amefikisha miaka sabini, amestaafu."

"Na hukumu yangu?"

"Hakuandika. Na wakili wa Kiptum ameomba kesi ianze upya. Lete mashahidi tena."

"Mashahidi wangu tulishawazika, baba."

Kiptum, aliyesimama hapo kando, akacheka. "Shemeji, haraka ya nini? Kwani chai imekimbia?"

Njiani Winny alikuwa anawaka. "Majaji hawa wapewe miaka kama magavana, ikiisha waende!"

"Gavana huenda akaacha barabara nusu," mama akasema. "Miaka itanisaidia nini? Wazee wa kokwet nani aliwahesabia miaka? Walikaa mpaka neno likaisha. Huyo jaji naye angefungwa na kesi yangu, asitoke kabla haijaisha."

Alipofika nyumbani hakuketi. Alichukua panga akaingia shambani, akaanza kukata ile miti ishuke, ipate kuchipua. Kiptum akaita polisi.

Kesi ya kuvunja amri, ndugu zangu, haikuahirishwa hata mara moja. Jaji mpya aliisikiza asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana mama alikuwa kwenye gari la jela. Ile ya shamba haijapewa tarehe.

Wanasema huyu jaji ni kijana. Sabini yake iko mbali.