Damu Tuliyoizoea

Kwetu Ozi, kukojoa damu hakukumshtua mtu. Ukilima mpunga kwenye maji ya Tana, kichocho ni chako, na tulipokuwa watoto, aliyekojoa wekundu alitaniwa kuwa sasa amekuwa mkulima kamili. Mazoea yana taabu. Mama yangu, mjane aliyekwisha kukoma hedhi, alipoona damu alimeza vidonge vya kichocho akarudi shambani. Damu ikarudi. Akameza tena, na majirani wakamsifu kwamba yeye si mvivu wa dawa. Nikikumbuka sifa hizo, hadi leo nakasirika.

Hospitali ya Garsen ndiko walikogundua kuwa damu ile haikutoka kwenye mkojo. Ilitoka kwenye kizazi, na ilikuwa saratani. Tukapelekwa hospitali kubwa, na daktari wa huko, mwanamke mpole, akasema hawezi kuamua kupasua kabla ya kuchunguza njia ya mkojo.

"Kibofu changu kina kosa gani, mwanangu?" mama akamuuliza. "Si ugonjwa uko kwingine?"

"Ni majirani hao, mama. Nyumba moja ikishika moto, tunatazama na ya pili."

Nilielewa hivi: ugonjwa ukiwa ndani ya kizazi tu, watakitoa na huenda akapona. Ukiwa umeshafika kwenye njia ya mkojo, kisu hakifai kitu. Mama naye alikiogopa kisu kuliko ugonjwa wenyewe.

Wakaingiza kamera ndogo kwenye kibofu, wakakikuta safi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti pale koridoni, watu wakanigeukia. Kisha ikaja picha ya figo. Ya kushoto ilikuwa imevimba, kwa kuwa saratani ilishaubana mrija unaoteremsha mkojo, na mama hakuwa amesikia maumivu hata kidogo. Daktari aliniita pembeni akaniambia ni hatua ya tatu. Bila picha ile angepasuliwa bure, nalijua hilo, na bado naichukia.

Tukarudi kwa mama. "Hatutakupasua," daktari akamwambia. "Tutakupa mionzi, ila..."

"Alhamdulillahi!" Mama hakungoja mengine. Alimpigia simu dada yake Ozi, akicheka kama msichana. "Hawanipasui! Mpunga wangu msiuvune, naja kuuvuna mwenyewe!"

Mama mdogo akaomba kusema nami. Akaniuliza kama ni kweli.

"Ni kweli," nikamjibu. "Hawampasui."