Mume wa Kijiji Kizima

Mradi ulipokuja kutugawia simu, mimi simu nilikuwa nayo. Ilikuwa ndogo, ya vitufe, niliinunua mnadani Katesh, na kifuniko chake cha nyuma nilikifunga kwa mpira. Kwa simu hiyo nilimpigia konda wa basi la Haydom aniletee dawa zilizokwama mjini. Nilimpigia mwanamume aliyekuwa mbali na ng'ombe wake kumwambia mkewe amejifungua salama. Taa ya sola ikizimika niliing'ata simu hiyo kwa meno, tochi ikimulika chini, nikampokea mtoto kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hiyo ni teknolojia. Teknolojia, kumbe, huja na gari jeupe na mtu wa kuifungulia mlango.

Nilikuwa nesi mkunga kwenye zahanati moja pande za Getanuwas, huko tambarare. Mimi ni mtu wa Bashay, nimelelewa kwenye baridi na mahindi, na nilipopangiwa kwa wafugaji mama yangu alilia kana kwamba nimepelekwa vitani. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mgeni midomoni mwa watu, wengine waliendelea kusema Arusha. Siku hizo kila kitu kilikuwa kinafunguliwa: maduka ya dawa, mabasi, minara ya simu. Na miradi. Miradi ilikuja kama inzi wanavyofuata maziwa.

Huu wa kwetu ulituita Katesh kwenye semina. Tulipewa fulana, begi lenye nembo, chai na maandazi, na simu mpya pana iliyong'aa, isiyo na tochi. Mkufunzi alikuwa kijana wa mjini, viatu vimechongoka, ana kitambulisho shingoni ingawa hapakuwa na mtu wa kumuuliza yeye ni nani. Alitamka neno "mfumo" kama mchungaji anavyotamka jina la Bwana. Mfumo utawajua wajawazito wote. Mfumo utawakumbusha kliniki. Mama akipata shida, nesi atabonyeza, kituo cha mradi mjini kitapokea, na gari la mradi litatoka kumpeleka hospitali kubwa Haydom. Bila kubonyeza, gari halitoki. Tulipiga makofi. Gari tulilitaka kweli, tusidanganyane.

Nikainua mkono. Simu ilikuwa inadai jina la mume wa mama, majina mawili, na bila hivyo ilikataa kuendelea. Nikamweleza kwamba kwa wafugaji wa kule mke hatamki jina la baba mkwe wake. Ni heshima, na anaishika mpaka kufa. Hata neno la kawaida likifanana na jina la mzee, mama huyo analizunguka na kutafuta neno lingine. Sasa jina la pili la mumewe ndilo jina la huyo mzee. Atalitajaje?

"Hizo ni mila potofu, sista," akasema.

"Potofu au nyoofu, hawatasema. Na kliniki wanakuja wenyewe, hawaji na mawifi wa kuwasemea."

"Kwenye kadi za karatasi mlikuwa mnafanyaje?"

"Tulikuwa tunaacha wazi. Karatasi haigombi."

Akacheka, akatazama ukumbi ili wengine nao wacheke. "Basi weka jina la mwenyekiti wa kijiji. Mfumo unataka pajazwe tu, hauulizi ni nani."

Ukumbi ukacheka kweli. Ndivyo mwenyekiti wetu, mzee mwenye wake zake wawili na ugonjwa wa magoti, alivyokuja kuwa mume wa kila mjamzito aliyekanyaga zahanati yangu. Nilimwambia mwenyewe siku ya mkutano wa kijiji. Akaniuliza kama mradi utamsaidia kuwalisha. Kule mjini waliosoma mpaka vyuo vya nje hawakuona ajabu yoyote kwamba mzee mmoja, msimu mmoja, amewapa mimba wanawake wa kijiji kizima. Walikuwa wanatazama kama pamejazwa.

Nilikuwa na mama mmoja, binti mdogo aliyeolewa kwenye boma la mbali, ujauzito wake wa kwanza. Aliongea Kiswahili kidogo na aliniita "mama nesi". Mumewe alikuwa amehama na ng'ombe kutafuta malisho. Huyu nilimpenda, sina sababu ya kuficha. Kila kliniki alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando na alisimama pembeni mpaka ninywe. Nilimwandikisha kwenye simu pana, jina lake, mume mwenyekiti, kijiji chetu. Simu ikalia kidogo kuonyesha imeridhika.

Siku uchungu ulipomkamata, mama mkwe wake alimleta asubuhi kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Walikuwa wamekaa naye nyumbani muda mrefu. Nilipompima nilijua pale pale. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, njia haipo, na moyo wake niliusikia kwa kile kipembe chetu cha mbao cha kusikilizia tumbo, ukienda mbio lakini unaenda. Huyu alihitaji kisu, na kisu kiko Haydom.

Nikatoka na simu pana mpaka kwenye kichuguu, maana mtandao ulipatikana pale juu. Nikabonyeza dharura. Simu ikatafakari. Kisha ikaandika: mama huyu ameshajifungua, faili limefungwa.

Nikarudia. Ameshajifungua. Nikazima, nikawasha. Ameshajifungua.

Ndipo akili ikanijia. Kulikuwa na mama mwingine kijijini mwenye jina kama lake, na yeye amejifungua salama mwezi uliopita. Jina moja, kijiji kimoja, na mume, kwa hekima ya mkufunzi, ni yule yule. Mfumo ulikuwa umewachukua wanawake wawili ukawafanya mmoja, na haukumuuliza mtu.

Nikapiga kituo cha mradi. Akapokea dada mwenye sauti nyororo.

"Nina mama hapa mtoto hatoki, naomba gari sasa hivi."

"Pole sana, sista. Nipatie jina." Nikampa. Nikasikia vidole vyake. "Huyu kwenye mfumo ameshajifungua. Mtoto hai."

"Dada, nimetoka kumpima sasa hivi. Mtoto yuko tumboni."

"Nakuelewa, sista, ila mfumo haunipi namba ya safari. Bila namba dereva hawezi kutoka. Labda umwandikishe upya?"

"Kwa mume gani?"

Nikamwandikisha upya, kwa jina la mume la uongo kabisa, jua linanichoma juu ya kile kichuguu, na mfumo ukanijibu kwamba mama mpya anasubiri kuthibitishwa na msimamizi. Msimamizi alikuwa kwenye semina. Nikapiga tena, nikabembeleza, nikatukana kwa lugha ya kwetu ambayo yule dada hakuielewa. Kutoka ndani nilimsikia binti akilia kwa sauti ya chini. Wanawake wa kule hawapigi kelele, huona aibu.

Nikaitupa ile simu pana kwenye majani, nikatoa yangu ya mpira. Nikampigia konda.

"Mko wapi?"

"Tumekupita kitambo, nesi, tunakaribia mlima. Kuna nini?"

"Mama anakufa."

Sikusikia ubishi wowote, nilisikia tu akimgongea dereva. Basi likageuza na abiria wake wote, likaacha barabara, likaja na vumbi lake mpaka mlangoni. Watu walishuka wakatupa mizigo yao chini ili apate kulala kwenye viti vya nyuma. Hakuna aliyeuliza ni mke wa nani.

Alipasuliwa Haydom na akapona. Mtoto hakupona. Daktari aliniambia bila kunilaumu kwamba mtoto yule hakuwa amekufa muda mrefu. Alikuwa wa kiume, mkubwa, hana kasoro. Mimi najua muda huo ulikwenda wapi. Ulikwenda kichuguuni, nikibishana na kioo.

Mkufunzi alikuja baadaye na wageni wa mradi, kompyuta chini ya kwapa. Alituonyesha picha yenye mistari inayopanda. Kijiji chetu, akasema, kilifanya vizuri kuliko vyote: hakuna mtoto hata mmoja aliyepotea. Wageni wakanishika mkono wakinipongeza. Nikamwambia mbele yao, neno kwa neno, yaliyotokea. Akanisikiliza akitikisa kichwa kwa upole ule wa watu wasiosikia.

"Asante, sista. Hilo tutalirekebisha kwenye toleo linalofuata."

Nilimtazama viatu vyake. Nilikuwa nimezoea kuwahurumia watu wajinga, maana ujinga mwingine ni kukosa shule. Huyu shule alikuwa nayo ya kutosha, ila alikosa aibu. Nilimdharau siku ile, na nikiri kwamba mpaka leo dharau hiyo haijapungua, naitunza kama mtu anavyotunza ng'ombe wa maziwa.

Mvua zilipoanza, yule binti alikuja zahanati. Alikuwa amekonda. Hakuleta maziwa, na ilikuwa haki yake. Akanyoosha simu ya nyumbani kwao, ile ambayo namba yake tuliiandikisha kliniki.

"Shikamoo mama nesi."

"Marahaba mwanangu."

"Imelia. Hakuna wa kusoma. Labda ni mume wangu, amefika wapi na ng'ombe."

Nikasoma. Ulikuwa ujumbe wa mradi. Hongera mama, mtoto wako sasa anahitaji chanjo, mlete kituo cha afya kilicho karibu nawe. Nikausoma kimya mara ya pili nikitafuta uongo wa kumwambia. Uongo haukuja.

"Si mume wako," nikasema. "Ni wale wa gari jeupe. Hawajui. Wanasema umlete mtoto, achomwe sindano."

Hakulia. Akatazama nje.

"Wanamtaka?"

"Wanamtaka."

"Waambie nimemweka kule nyuma ya zizi. Waje wamchimbe wao."

Nikayaandika maneno yake kwenye simu ile ile kama alivyoyasema, nikapanda nayo kichuguuni, nikayatuma kwa namba iliyoleta ujumbe. Jibu lilirudi hapo hapo: namba hii haipokei ujumbe.